Mayai Yasiyotaka Kugeuzwa

Mwezi uliopita nilialikwa harusi huko Mbezi. Ukumbi ulikuwa umepambwa vizuri, chakula kilitosha, na MC alikuwa mmoja wa wale wasiojua kunyamaza. Ilipofika zamu ya burudani akatangaza kwa mbwembwe kwamba sasa inaingia ngoma ya nyoka kutoka Usukumani. Nikakaa sawa kwenye kiti, nikasahau hata soda yangu. Wakaingia vijana wenye fulana za sare, pamoja na spika moja kubwa, na mmoja wao amejiviringisha shingoni nyoka wa mpira. Wa mpira, rafiki yangu, wa kijani, mwenye chapa ya kiwanda tumboni! Kina mama wakapiga kelele, kisha wakacheka, kisha wakatoka kwenda kumtunza. Mimi nilichukua mkoba wangu nikatoka nje kupunga upepo, maana nilikuwa na hasira ambayo nisingeweza kumweleza mtu yeyote wa meza ile.

Wewe nitakueleza. Mimi nimekulia kwenye nyumba yenye chatu. Simaanishi chatu aliyepotea njia akaingia uani, mkamuua kwa mapanga na kuwahadithia majirani. Namaanisha chatu wa kwetu, mwenye kibanda chake, siku zake za kula na beseni lake la kuogea. Watu wakianza kubishana mtandaoni kuhusu nyoka, huwa nawaacha watoe yote yaliyo moyoni, kisha najibu kwa mistari miwili na mjadala unakwisha. Na ukitaka kuzungumzia mayai ya chatu, namna yanavyotunzwa na namna yanavyoharibika, hapo usibishane nami kabisa. Niliyaona kwa macho yangu, niliyashika, na harufu yake naijua mpaka leo.

Nyumba yenyewe ilikuwa Goba. Siyo Goba hii ya mageti ya umeme na maghorofa yanayotazamana madirishani. Wakati ule ilikuwa vilima, mikorosho, vichaka, na nyumba moja hapa nyingine kule, na ukipika maharage jirani wa kilima cha pili anajua umeunga na nazi. Maji tulipandisha kwa ndoo. Mvua ikinyesha njia ilikuwa utelezi mtupu, viatu vya shule tukavibeba mkononi hadi barabarani. Mama yangu alikuwa muuguzi, leo zamu ya mchana kesho ya usiku, kwa hiyo waliotulea hasa ni wazazi wake, Babu na Bibi, waliotoka upande wa Shinyanga wakiwa vijana na kuleta Dar es Salaam vitu vyao vyote, pamoja na michembe. Michembe ya Bibi, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, alikuwa akiichemsha na karanga za kuponda. Sijaipata tena ladha ile hata nikinunua kwa bei gani.

Babu alikuwa karani. Jumatatu hadi Ijumaa alivaa shati la mikono mirefu, kalamu mbili mfukoni, akaenda mjini kuandika barua za watu wakubwa. Jumamosi alikuwa mtu mwingine. Jumamosi alikuwa manju wa ngoma ya nyoka, mwenye njuga miguuni na chatu mabegani, akiimba na kucheza pale Mwenge mbele ya watalii waliokuja kununua vinyago, au kwenye harusi za Wasukuma wenzake kote mjini. Chatu wake alikuwa jike, mrefu kuliko ukuta wa sebule yetu, mzito na mpole. Alimwita Bi Mkubwa. Bibi hakulipenda jina hilo hata kidogo. "Bi mkubwa wa nyumba hii ni mmoja tu," alikuwa akisema huku akipepeta mchele, "na hana mkia."

Bibi naye alikuwa na ufalme wake, na ufalme huo ulikuwa kuku. Hakuna mwanamke wa Goba aliyetotolesha vifaranga kama yeye. Majirani walimletea mayai yao kwenye vikapu, naye alijua la kuweka chini ya kuku gani, na kuku akigoma, alikuwa na boksi la foamu, yale ya kubebea samaki, lenye taa ya njano ndani, ambalo lilifanya kazi ya kuku. Alipima joto la yai kwa kulibandika kwenye kope la jicho. Alimulika kwa tochi akajua lenye mtoto na lililo viza. Na asubuhi na jioni aliyageuza, moja moja, taratibu, kwa sababu kuku hugeuza mayai yake na asiyegeuza hapati kitu. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Babu aliniita mke wangu, kama babu wote, kwa hiyo Bibi aliniita mke mwenzangu, na tulipokuwa tukigeuza mayai tulimsengenya mume wetu kwa raha zote.

Kati ya falme hizo mbili palikuwa na mpaka, nao ulikuwa mlango wa jikoni. Bi Mkubwa aliishi kibandani nyuma ya nyumba na hakuruhusiwa kuuvuka. Bibi hakuwahi kumgusa nyoka maishani mwake, na aliapa hatamgusa. Babu hakuwahi kukanyaga kanisani tangu siku alipofunga ndoa. Waliishi hivyo kwa amani miaka na miaka, kila mtu na lake.

Shida ilianza pale Bi Mkubwa alipozeeka. Babu alimpata tangu mama yangu akisoma shule ya msingi, na sasa alikuwa anachoka haraka, akibebwa nusu saa anataka kulala. Siku za kwenda porini kukamata chatu na kumtia kwenye gunia zilikuwa zimepita. Kibali cha Babu kilimruhusu kumfuga huyo na watoto wake, basi. Na Bi Mkubwa hakuwa na watoto. Yaani akifa yeye, ngoma ya Babu imekufa. Babu hakuwa mtu wa kulalamika, lakini jioni moja nilimsikia akimwambia Bibi kwamba alipokea ngoma ile kwa baba yake, na baba yake kwa baba yake, na haoni sawa ikaishie kwa karani. Bibi alimwongeza mboga.

Rafiki yake mmoja wa Kigamboni, mcheza ngoma mwenzake, alikuwa na chatu dume. Akamleta mwenyewe kwa pantoni, ndani ya lile begi kubwa la mistari tunaloliita shangazi kaja, na mtu wa pembeni alipomuuliza amebeba nini kizito hivyo akajibu, "Bwana harusi." Dume alikaa kwetu kipindi chote cha baridi. Bibi akatania kwamba hajawahi kuona posa isiyoleta hata kilo ya sukari. Dume akarudi kwao, Bi Mkubwa akaacha kula, akanenepa katikati, na kiangazi kilipokuwa kinaisha Babu akafungua kibanda asubuhi moja akatuita kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Alikuwa ametaga. Mayai zaidi ya thelathini, meupe, makubwa kuliko ya bata, na yeye amejizungusha juu yake kama kata ya kubebea ndoo.

Hapo tungeweza kukaa na kusubiri, maana chatu hulinda mayai yake mwenyewe. Lakini wiki hiyohiyo mtu mmoja alinunua kilima cha jirani na kuleta greda kukisawazisha. Lilinguruma kutwa nzima. Vikombe vilicheza kabatini. Bi Mkubwa alivumilia siku ya kwanza, ya pili akajikunjua, akaenda kujibanza kwenye kona ya mbali, akayaacha mayai yake wazi. Babu alimrudisha kwa mikono, akaondoka tena. Alimbembeleza, alimwimbia, hakutaka. Babu alikwenda kumwomba yule bwana asimamishe greda japo kwa muda. Bwana akamwuliza kama ana akili timamu.

Basi Babu akaja jikoni. Namkumbuka amesimama mlangoni, pale pale mpakani, ameshika kofia yake.

"Mama watoto, nina shida."

"Shida yako au ya yule mnyama wako?"

"Ni moja tu, mama. Kamkataa mwanawe. Nisaidie mkono wako."

Bibi alikuwa anakuna nazi. Aliendelea kukuna mpaka kifuu kikawa kitupu, akajifuta mikono, akasema, "Mke mwenzangu, lete boksi la foamu." Hivyo tu. Leo nikifikiria naona kwamba katika ndoa yao yote hilo ndilo lilikuwa ombi kubwa kuliko yote, naye alilikubali bila hata kuliwekea masharti. Lakini usidhani alikubali kwa unyonge. Bibi alikuwa na uhakika. Yai ni yai, alisema, liwe la kuku, la bata au la Ibilisi mwenyewe.

Alianza kwa kuyakagua, na papo hapo akapata la kusema. Mayai ya chatu hayana ganda gumu. Ni kama ngozi laini, ukibonyeza yanabonyea. Kwa mfuga kuku hilo lina maana moja tu. "Huyu mnyama wako kakosa chokaa," akamwambia Babu. "Ulikuwa unampa panya watupu? Ungemsagia na dagaa!" Babu, ambaye alijua kila kitu kuhusu nyoka na hajui chochote kuhusu mayai yao, kwa kuwa kwao waliwakamata wakubwa tayari, akakubali kosa. Kwa muda mrefu nyumba nzima iliamini kwamba Bi Mkubwa alikosa dagaa.

Tukayapanga kwenye boksi juu ya maranda tuliyonyunyizia maji. Mengi yalitengana vizuri, ila matatu yalikuwa yamegandana, yameshikana ubavu kwa ubavu, na Bibi alipojaribu kuyatenganisha akaona yatachanika. Hayakumfurahisha. Aliyasukuma kwenye kona ya boksi, kama mtu anayeficha sufuria iliyoungua wageni wasiione. Yaliyobaki akayapa heshima zote. Taa ya njano, kanga nzito juu, kope la jicho kupima joto, na asubuhi na jioni kuyageuza, moja moja, taratibu. Umeme ukikatika, kazi yangu ilikuwa kuwasha jiko la mkaa, kuchemsha maji na kujaza chupa za kupanga pembeni mwa boksi. Nilikwenda shule nikinuka moshi, nikirudi nikakuta chupa zimepoa, nikaanza tena. Sikuchoka. Nilijiona daktari.

Jirani yetu wa upande wa uzio wa minyaa, mama mmoja wa kwaya ambaye ndiye aliyekuwa mteja mkubwa wa Bibi, alisikia habari akaja mbio kuchukua mayai yake ya kuku. "Shikamoo mama. Sina maneno, ila mie siwezi kulala. Vifaranga vyangu vikitoka na ndimi mbili nitamwambia nini mume wangu?" Bibi alimrudishia kikapu chake bila kugomba. Baada ya hapo wengine wakafuata, mmoja mmoja, na banda la Bibi likawa na mayai yake peke yake. Aliumia. Aliniambia hivyo waziwazi, tukiwa tunachambua mchicha, kwamba ameumia, na kwamba watarudi wenyewe siku watakapoona kazi yake.

Kazi yake ikaanza kuharibika vuli ilipoingia. Kwanza mayai mawili yakaota ukungu wa kijani. Tukayafuta kwa kitambaa, ukungu ukarudi. Kisha moja likasinyaa likawa kama kiatu cha zamani, Bibi akasema maranda ni makavu, tukaongeza maji. Mengine yakalowa, yakavimba na kupasuka. Kukawa na joto la mchana lililopanda mpaka kope la Bibi likakataa, tukafunua, tukapepea kwa kipepeo cha jikoni. Sisimizi nao wakagundua. Kila asubuhi Bibi alikuta mengine yamebadilika rangi, ya njano, halafu ya kijivu, na akiyamulika haoni kitu ndani isipokuwa kiza. Tulikuwa tunakwenda kuyafukia nyuma ya mikorosho, mimi na jembe na yeye na beseni, na harufu ile tulikuwa hatuisemi. Jinsi yalivyozidi kufa ndivyo Bibi alivyozidi kuyageuza, akiongeza na zamu ya mchana.

Babu alikuja kila jioni na shati lake la kazini, akachungulia, akauliza, "Yamebaki mangapi?" Siku moja hakuuliza tena. Alichungulia tu, akasema ahsante mama, akaenda kukaa kibandani na Bi Mkubwa.

Siku iliyobadilisha mambo ilikuwa ya kawaida kabisa. Tulikuwa tunatoa mayai mawili ya mwisho katika yale yaliyopangwa vizuri, yote viza. Boksi likabaki na lile fungu la kona tu, yale matatu yaliyogandana. Bibi akachukua tochi akayamulika bila matumaini, halafu akamulika tena. Akanisogeza kichwa nione. Ndani kulikuwa na mishipa myekundu, mingi, imetambaa kila upande, na kitu fulani kikajisogeza. Yalikuwa yamejaa, meupe, hayana ukungu wala kunyauka. Bibi akakaa chini kabisa, miguu imenyooka mbele, akayatazama kwa muda mrefu.

"Haya sijawahi kuyageuza," akasema. "Yameshikana, yananishinda. Mke mwenzangu, haya hayataki kuguswa! Nimewaua wenzao kwa kuwageuza."

Nilisogea nimbembeleze. Lakini Bibi hakutaka kubembelezwa. Aliinuka, akamwambia Babu jioni ileile, kwa sauti ileile aliyotumia kutangaza kwamba chumvi imekwisha, kwamba kosa ni lake, amelijua, na kuanzia sasa mtu yeyote atakayegusa boksi atamkata mkono. Babu akasema sawa. Mimi nikaruhusiwa kubadilisha chupa za maji tu, tena kwa ncha za vidole.

Krismasi ikapita boksi likiwa chumbani kwao, jikoni kukiwa na joto mno. Tulikula pilau tukinong'ona. Mwezi wa kwanza, jua likiwa limekaza kwelikweli, yai la kwanza likapasuka. Lilichanika mchano mwembamba kama umekatwa na wembe, na ndani ya mchano ikatokea pua. Furaha yetu hiyo! Lakini pua ile ilitulia. Ikakaa, ikakaa, haisogei. Kifaranga akichoka hivyo Bibi humsaidia: maji ya uvuguvugu, ukucha, unabandua ganda kidogo kidogo na kumtoa. Ndivyo alivyofanya. Yule mtoto alitoka na kiini cha yai bado kimemning'inia tumboni, kikachanika, na akafia kwenye kiganja chake, mbele yetu. Babu hakumlaumu. Alimchukua yule mtoto akamfunga kwenye leso yake safi ya kazini, akaenda kumzika mwenyewe. Ilimuuma Bibi kuliko kama angemfokea.

La pili lilichanika siku ya Jumamosi, Babu akiwa ameshavaa njuga zake. Hakwenda kokote. Pua ikatokea, ikatulia, kama ile ya kwanza. Jioni ikafika. Jumapili asubuhi pua bado ipo palepale, na Babu, mzee mpole ambaye sijawahi kumwona akipoteza subira, alikuwa amesimama juu ya boksi ameshika wembe.

"Atazama humo ndani, mama. Anakufa huku tunamtazama."

"Hazami. Anapumua, ona pua inavyocheza. Anamalizia chakula chake."

"Umejuaje?"

"Nimemzika mwenzake."

Bibi akamnyang'anya ule wembe, akaufunga kwenye pindo la kanga. Kisha akamwona Babu anatupia jicho upande wa jikoni, akajua kwamba akitoka kidogo tu yule mzee atarudi na kisu. Bibi hakuwahi kukosa misa, hata alipokuwa na malaria. Jumapili ile akamfungia Babu vifungo vya shati mpaka shingoni, akamshika mabega akamgeuza mlangoni.

"Leo nenda wewe kanisani."

"Mimi?"

"Wewe. Bahasha ya sadaka iko kabatini. Wakiniulizia waambie kuna mtoto anazaliwa nyumbani, siwezi kutoka."

Babu akaenda. Mpaka leo sina hakika kama ni kwa sababu alimwogopa mkewe au aliogopa mikono yake mwenyewe. Tukabaki wawili. Bibi aliketi kwenye kigoda, mimi sakafuni, na dirishani zikaingia nyimbo za kwaya kutoka bondeni, zikija na kupotea kulingana na upepo. Jasho lilimtiririka Bibi akaliacha. Mara mbili niliuona mkono wake unakwenda wenyewe kwenye boksi, akaurudisha, akaukalia. Nilikuwa namwomba Mungu kwa nguvu zangu zote, na nilikuwa nimesahau kwamba ninayemwombea ni nyoka.

Kwaya ilikuwa imeshanyamaza pale kichwa kilipotoka. Kikatulia, ulimi ukaonja hewa. Kisha shingo, kisha mwili, taratibu, kama uzi unavyotoka kwenye sindano, mpaka mkia ukaachia lile yai na kuliacha tupu. Alikuwa mnene kama dole gumba la Babu, anang'aa, na mabaka yake mapya kabisa. Tumbo limefunga vizuri. Akanitazama mimi, akanirukia kuning'ata, akakosa, nikapiga kelele ya furaha. Halafu akageuka, akaingia kwenye mikunjo ya ile kanga iliyokuwa inafunika boksi siku zote, na Bibi, aliyeapa hatamgusa nyoka, akaingiza mkono akamtoa. Yule mtoto akajiviringisha kwenye kifundo cha mkono wake, akatulia.

Babu aliporudi alikuwa bado amefunga vifungo mpaka shingoni. Alisimama mlangoni akaona mkono wa mkewe. Akavua kofia.

"Haya," Bibi akamwambia, "pokea mtu wako."

Babu alilia, mzee mzima, bila kujificha. Na kabla hajamaliza kulia tukasikia hodi, kwa sababu alikuwa amefikisha ujumbe wa Bibi neno kwa neno, na padri akamwombea mzazi mbele ya watu wote. Uani walisimama kina mama wa jumuiya, jirani wa kwaya akiwa mbele, na sukari, mche wa sabuni na doti ya kanga. Bibi akatoka akawapokea vizuri kabisa. "Karibuni. Mtoto huyu hapa." Sijawahi kuona watu wazima wakishuka kilima kwa kasi ile. Sabuni ilibaki, tukafulia mwezi mzima. Yai la tatu halikufunguka, lakini jirani wa kwaya alirudi wiki ileile na kikapu chake cha mayai ya kuku, akasema tu, "Mama, mkono wako nimeukubali."

Babu akamwita yule mtoto Misa. Bibi alisema ni kufuru, kisha akazoea. Bi Mkubwa alikufa mwaka uliofuata, na Misa alipokua akacheza badala yake, Mwenge, harusini, kila mahali, miaka mingi, Babu akiwa na mvi kichwa kizima na bado ana pumzi ya kuimba. Na mpaka wa jikoni ulikufa kifo cha kawaida. Nilikuwa nikirudi shule namkuta Misa amelala chini ya meza ya Bibi, na Bibi anapita juu yake na sufuria ya moto, akimwambia asogee.

Sasa pale kilimani pana maghorofa. Mikorosho hakuna. Babu alitutoka, na katika sisi wajukuu wote hakuna aliyeishika ngoma. Mmoja yuko benki, mwingine anauza simu, mimi napanga kwenye nyumba ambayo mwenye nyumba hataki hata paka. Sijilaumu, lakini nasikitika, na sioni sababu ya kulificha. Misa alichukuliwa na bustani moja ya wanyama huko Kigamboni, kwa utaratibu mzuri, na kila mwezi Bibi alivuka kwenda kumtazama kama mtu anayemtembelea mtoto wa bweni. Alilipa kiingilio, akasimama kwenye kioo, akawagombeza vijana wa pale kwamba maji yamezidi, kwamba joto halitoshi, na kwamba wanamshikashika mno. Walimwogopa na kumpenda. Walimletea kiti.

Bibi alifariki mwaka jana. Tulipiga simu Shinyanga, tukapiga Mwanza, tukawapelekea taarifa watu wa jumuiya na mpaka yule mzee wa Kigamboni mwenye dume, ambaye bado yu hai. Msiba ulipokwisha nikawa na hisia kwamba kuna ndugu mmoja hatujamwambia, nikahesabu ukoo mzima nikakosa ni nani. Jumamosi moja nikavuka. Alikuwa amelala chini ya taa, mkubwa kuliko Bi Mkubwa alivyowahi kuwa. Nikasogea kwenye kioo nikamwambia, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba Bibi ametutoka na tumemzika Goba, pembeni ya Babu.

Kijana wa bustani alikuwa nyuma yangu na ndoo yake. Akaniambia kwa upole, "Pole, dada. Ila nyoka hao hawasikii unachowaambia."

"Najua," nikamjibu. "Hata babu yangu alijua, na alimwimbia mpaka anakufa."